Muujiza Uliofanyika Nairobi

Kamembe, Jumatano

Sasa nimekuwa muujiza. Mchungaji amewatangazia waumini kwamba maombi yao ndiyo yaliyonivua miwani, na Jumapili anataka nitoe ushuhuda. Kuhusu kliniki ya Nairobi, ambako daktari alinirekebisha macho kwa leza, hakusema neno.

Ningecheka tu. Lakini leo Maman Riziki, anayeuza mchele wa Bugarama, alinisimamisha sokoni, ameshikwa mkono na binti yake. Mama huyo ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Wiki ijayo alikuwa apasuliwe hapa hapa, kwenye hospitali yetu.

"Papa Aline, siendi tena," akasema. "Kama Mungu alikutoa miwani bila kisu, miye banipasue ya nini?"

Nilimweleza yote: ndege, mashine, matone ninayotia hadi leo. Akacheka.

"Unapenda kubisha, Papa. Sasa unabisha hata na Mungu?"

Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi. Muujiza gani huu, wa kumpofusha mama wa watu? Na mimi najijua. Nikisimama kanisani Jumapili kugombana, nitashinda ubishi, naye atabaki gizani.

Basi sitamtukana mchungaji, ingawa ulimi unaniwasha. Nitamshukuru Mungu kwa ajili ya daktari wa Nairobi, nimtaje na mashine yake. Kisha, mbele ya kanisa zima, nitamwomba mchungaji ampeleke Maman Riziki hospitali kwa gari lake mwenyewe.

Akatae, tumwone.