Moshi mu lupango ya Lucien

Katuba, tarehe 2 mwezi wa kumi 1961

Muloko wangu Lucien, mudogo wangu wa avenue, mule mu kampu ya bakimbizi,

Jambo yako, jambo ya bibi yako Albertine. Mwili iko namna gani? Miye niko muzima, hata nanenepa. Lakini tangu balianza kubafukuza ninyi bantu ba Kasai, mukakimbia, avenue yetu iko kimya kama kanisa siku ya kazi.

Sikia hii, ucheke. Unakumbuka vile tulikuwa tunagombana? Kila jioni unafagia majani ya muti yako ya avoka, unaunguza, moshi yote inakuya kwangu. Nilikuita mulozi! Nilikuambia: «Kwetu Pweto tunatiaka mu moshi samaki, hapana bantu!»

Basi, sasa miye njo naiunguza. Kila siku naingia mu lupango, kiwanja ya nyumba yako, nafagia, nawasha. Bezi banapita, banaona moshi, banasema: «Humu muko bantu.» Nyumba za bengine, milango imekwenda, mabati imekwenda. Yako, hata musumari haiyatoka. Miye nilipikiaka Bagiriki mu mashua ku Kasenga, nikavuka mpaka Rhodésie, nitaogopa bezi ba Katuba?

Ufunguo niko nayo. Mungojee kidogo tu.

Yaya yako,
Donat

Kampu, tarehe 20 mwezi wa kumi 1961

Yaya Donat, mukubwa wangu,

Jambo sana. Masœur wa misioni alituletea barua yako, tukacheka mpaka bantu bakatuchungulia.

Yaya, ulilia juu ya majani yangu? Kuya uone huku! Bantu banapikia miti mibichi, mipira, matambara. Moshi inalala chini pamoja na siye. Kifua ya Albertine inakamata. Lakini nilipomusomea barua, alisema: «Nyumba yetu inapumua.» Akafunga sanduku, eti tayari kurudia.

Muloko yako,
Lucien

Katuba, tarehe 15 mwezi wa kwanza 1962

Muloko wangu,

Jambo. Hamujambo bote babili? Niliandika mara mbili, kimya. Vita ya Noeli ilinipita. Risasi ilisikia jina yangu, ikapinda njia.

Majani iko na maji ya mvua, moto inakataa, lakini miye namujua Mungu na petroli. Saa ingine nakaa pale kwako, nasemezana na ule moshi: «Lucien, leo tunakula nini?» Inaniingia mu macho. Iko moshi tu, usicheke.

Umwambie Albertine rideau zake, pazia za dirisha, nimezifua. Uandike hata neno moja.

Yaya yako,
Donat

Kampu, tarehe 18 mwezi wa tano 1962

Yaya,

Jambo, na unisamehe kukawia. Nilikuwa natafuta namna ya kusema.

Train ya Kasai inapakia bakimbizi, inabarudisha kwetu. Munganga alisema Albertine akibakia mu moshi hii, mvua ingine hataiona. Yeye anakataa kupanda. Kila nikimusihi, anatoa barua zako chini ya kichwa: «Nyumba yangu inatoa moshi. Donat anatungojea.»

Weye unajuaka kutunga maneno. Utunge. Uandike kama nyumba haiko tena. Jina yetu iko mu train ya juma inayokuya. Najua kile ninakuomba.

Muloko yako,
Lucien

Katuba, tarehe 21 mwezi wa tano 1962

Lucien,

Karatasi hii kidogo usome weye peke, kisha utie mu moto. Ile ingine umusomee kwa sauti, na usinitetee. Mukifika, usiniandikie, akiona barua yangu atajua, na atataka kurudia. Enda muzuri, muloko wangu.

Donat

Albertine,

Jambo. Kifua inasema nini?

Nyumba yenu nimeikamata. Miye mwenyewe, hapana bezi. Nilichoka kufagia bure. Kitanda yenu nalaliaka kila siku, iko laini, aksanti. Rideau ulizishona na mukono, nimemukatia bibi mumoja robe ya kuvaa, inamutosha kuliko dirisha. Avoka nimeikata, nimepata makala mingi ya kupikia.

Lucien anasema niko ndugu. Ndugu iko kitu gani siku za vita? Nimetembea dunia, mama: mwenye kutoka njo anapoteza.

Usirudie huku kugombana na miye, nimebadilisha kufuli. Uko na hasira? Muzuri. Panda nayo mu train, itakushikilia njia yote. Na ukifika kwenu, simama inje, unitukane sana, na pumzi yako yote.

Donat,
hapana tena yaya ya muntu