Mnyonya Damu Aliyekunywa Kahawa Yangu

Mtaa wa Figueredo,
Bayamo, Cuba.
14 Machi 2009

Mpendwa mdogo wangu Evelio,

U hali gani huko Tenerife? Kifua kimepoa? Ile sauti yako kwenye simu haikunipendeza hata kidogo. Vaa kitu shingoni, usinikoseshe usingizi. Sisi wazima, ila magoti yangu ndiyo yale yale, unayajua.

Sasa kaa kitako. Filamu ya Yaumara imeonyeshwa! Ile ya katuni, ya mnyonya damu, ambayo mpwa wako ameichora miaka yote hiyo mpaka macho yamekuwa mekundu kama ya huyo mnyonya damu mwenyewe. Wakubwa wa studio walimwambia wataianzia hapa kwao, na watu wa kwao wasipocheka, basi, haiendi popote. Unawajua watu wa Bayamo. Picha ikiwachosha hawanyamazi, wanaipigia miluzi mpaka izimwe.

Sinema ilijaa, wengine wakakaa chini. Nilimshika Yaumara mkono. Mwanzo watu walitabasamu tu. Mnyonya damu, kiumbe anayekimbia jua na kitunguu saumu, katoka Ulaya na jeneza lake, ana njaa, anagonga mlango wa kwanza anaouona. Akafungua mama mmoja mwenye rola za nywele kichwani na gauni la maua ya zambarau.

Evelio, gauni langu! Lile ulilonitumia wewe! Na ndala zangu zilizofungwa kwa waya.

"Pita, mwanangu, mbona umepauka hivyo? Kwenu hawakulishi?" akamwambia, akamkalisha mezani.

Nikamgeukia Yaumara. Akanong'ona, "Mama, usinichukie." Hata sijamjibu, umeme ukakatika.

Miluzi ikaanza. Bwana wa studio akainuka, nilisikia kiti chake. Nikajua mwanangu amekwisha. Ndipo Clodomiro kinyozi akapaza sauti toka nyuma: "Dada Migdalia, si wewe yule? Mhudumie mgeni wako, ana njaa!"

Sijui nguvu nilizitoa wapi. Nikasimama gizani, nikasema kama ninavyomwambia yeyote anayeingia kwangu: "Kahawa kwanza, baba. Ni ya mgao, imechanganywa na njegere, lakini ya moto. Na hebu nitazame hapa shingoni, pananiuma tangu Jumapili. Nimepaka kitunguu saumu na mafuta, lakini wapi! Sogea, nusa."

Watu wakaangua kicheko. Clodomiro akaigiza mnyonya damu: "Mama, naona nimeshiba ghafla!"

"Umeshiba nini na hujala? Kaa hapo, sijakueleza ya magoti!"

Umeme ukarudi. Picha ikaendelea, na yule mama akamwinamia mgeni wake na kikombe: "Kahawa kwanza, baba. Na hebu nitazame hapa shingoni..."

Maneno yale yale, Evelio! Ukumbi mzima ukainuka vitini. Kwa vicheko hatukusikia tena kitu, mpaka jua lilipomkuta yule maskini bado anasikiliza habari za magoti. Bwana wa studio alikuwa anajifuta machozi. Amesema filamu inakwenda mikoa yote.

Njiani Yaumara akaniuliza kama nimekasirika. Nikasirike nini? Miaka yote ile nikiongea jikoni, yeye kainamisha kichwa anachora, nilidhani naongea na ukuta. Kumbe mtoto alikuwa ananisikiliza, hakuangusha hata neno.

Gauni usinitumie jingine. Hili nalivaa mpaka sokoni, watu wanalijua.

Nisalimie wifi Candelaria, na umbusu Yoel mdogo kwa niaba ya shangazi yake. Yaumara anakuamkia. Bikira Maria wa Cobre akufunike na joho lake, na wewe ufunike hicho kifua.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukuhangaikia daima,
Migdalia