Gari la Wekesa Limenyamaza

Huruma, Nairobi

Kwa Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, na Mama pia, ingawa naomba barua hii uisome peke yako kwanza. Magoti yako yanaendeleaje na baridi hii? Na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Mimi ni mzima. Wajukuu wako wanakula kama nzige, na maji yamerudi kwenye ploti yetu baada ya kutususia muda mrefu. Gereji inanipa riziki, ingawa bado kuna wateja wanaofika, wananiona na ovaroli yangu, halafu wananiuliza fundi yuko wapi.

Ningepiga simu, lakini masikio yako hayaipati tena, na anayeipokea ni Mama. Mama nilishamwambia. Alinijibu, "Nasimiyu, mdogo wako akipata kitu roho inakuuma. Kwa nini?" Baba, maneno hayo yalinichoma sana. Ndiyo maana nimempa barua hii jirani yangu anayekuja huko matangani, akuwekee mkononi kabla ya Jumamosi.

Jambo lenyewe ni hili. Wekesa amenunua gari, na najua mmesikia maana Mama amelitangaza kanisani. Jumamosi analileta nyumbani uliombee. Jumapili baada ya ibada anataka kumpakia Mama na shangazi zangu, awapeleke kwa wakwe zake kule juu mlimani. Gari hilo ni bovu, Baba. Naogopa litawaua.

Alipolileta gerejini mara ya kwanza, nililisikia kabla sijaliona. Lilikuwa likigonga, ko, ko, ko, kama mwenye nyumba anayebisha mlango na anajua umo ndani. Nikachukua bisibisi ndefu, nikaweka ncha kwenye injini na mpini sikioni, jinsi ulivyonifundisha kwenye trekta za miwa. Juu kulikuwa shwari. Mlio ulitoka chini, karibu na sampu ya oili, na Wekesa alipokanyaga mafuta ukazidi. Nikachomoa waya za plagi moja moja. Kwenye ya tatu, mlio ukafifia. Nikajua beringi ya pistoni ile imekwisha, chuma kinapiga chuma. Nilipomwaga oili kwenye karai ilitoka na unga wa shaba unaometameta, na hapo sikuwa na shaka tena.

"Injini ifunguliwe yote," nikamwambia. "Mhimili wa krenki ukachongwe, beringi ziwekwe mpya. Usiliendeshe hata mpaka stejini."

"Manze Siste, wakwe washaambiwa Jumapili. Nikikosa kutokea wataniona msee wa mdomo tu."

"Afadhali wakuone wa mdomo kuliko wakuone kwa jeneza."

Akanuna, akaondoka nalo hivyo hivyo likigonga. Siku iliyofuata akarudi amejaa kicheko. Akaniwashia injini, na Baba, ilikuwa kimya. Sikuamini. Nilirudia bisibisi kila mahali, nisisikie kitu ila mvumo mtulivu. Karibu nimkumbatie.

"Nani amelitengeneza?"

"Kuna fundi mmoja Dandora. Jioni moja tu, kazi kwisha."

Jioni moja! Krenki peke yake haichongwi jioni moja. Nilikuwa bado nawaza hivyo aliposhuka garini, mkono mmoja umeshikilia suruali. Kiunoni alikuwa amejifunga kamba ya manila.

"Wekesa, mshipi wako uko wapi?"

Akacheka. Hapo nikaelewa.

Hila hiyo unaijua kuliko mimi. Wewe ndiwe uliyetusimulia: beringi ikiisha, fundi mvivu anakata kipande cha mshipi wa ngozi, anakizungusha pale pa beringi, anamimina oili nzito, na mlio unakufa. Lakini ninyi mlifanya hivyo ili trekta ijikokote hadi yadi, dereva peke yake, shamba tambarare.

"Ulimpa mshipi wako mwenyewe?" nikamuuliza.

"Ni ngozi safi, Siste. Si ile ya plastiki."

Nilitaka kucheka na kulia pamoja. Nimemwonya, nimemlilia, nimemtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika kwa mzazi. Jana nilitoa upepo magurudumu yote manne. Akaita kijana wa pampu, akajaza. Kila nikisema, ananiwashia gari na kuniambia, "Skiza. Unaskia nini?" Na sisikii kitu. Lilipokuwa likigonga lilikuwa likituonya, na sasa limezibwa mdomo. Hata ukiing'ata bisibisi kwa meno, jinsi unavyopima injini tangu masikio yalegee, haitakuambia lolote.

Ngozi ile itaungua. Huenda ikaungua njiani akija, na naomba iwe hivyo, akiwa peke yake, mahali tambarare. Mungu anisamehe, ndiyo sala yangu wiki hii. Ikishika hadi Jumapili, itaachia kwenye mwinuko, gari likiwa limesheheni. Injini itazima, usukani utakuwa mzito, breki nazo zitakataa mguu, na nyuma yao ni bonde.

Nisalimie shangazi Nafula, kiongozi wa kwaya, ambaye najua ameshapiga pasi kitenge cha safari. Msalimie mjomba Simiyu anayekukamulia ng'ombe, na mwalimu wa Shule ya Jumapili aliye jirani yenu. Wote watakuwepo uani siku hiyo, na ndilo ninalolitegemea.

Kwa maana utaratibu wetu haujabadilika. Kabla ya maombi, mtoto humkabidhi baba ufunguo wa gari. Baba huushika, huomba, kisha humrudishia. Wekesa ana kiburi, lakini hawezi kukunyang'anya kitu mkononi mbele ya watu. Basi mwache akukabidhi. Omba, tena omba kwa kirefu. Ukishasema amina, utie ufunguo mfukoni, uingie ndani, ukae nao mpaka nifike na beringi mpya.

Mama atanilaani. Mwache anilaani akiwa hai.

Ni mimi bintiyo,
Nasimiyu