Kaburi dogo la Kua

Jumanne, Utende

Hakuna aliyenilazimisha kusema uongo. Niliutunga mwenyewe.

Leo niliwapeleka wageni wanne kwa boti kisiwani Juani, kuona magofu ya mji wa kale wa Kua. Msikitini nilieleza vizuri, kibla na mahali pa kutawadhia. Tulipofika makaburini, mama mmoja kutoka India alinyoosha kidole kwenye kaburi dogo, akauliza ni la nani.

Hakuna anayejua. Lakini wenzake walikuwa wameanza kupiga miayo, na mimi napenda kusikilizwa. Nikasema ni la binti wa mfalme, alikufa kwa homa akiwa na miaka saba.

Yule mama akachuchumaa. "Wangu alikuwa na miaka sita," akasema polepole. Akavua bangili yake, akaiweka juu ya jiwe, akalia.

Ningeweza kumwambia ukweli palepale. Badala yake nikasema maji yanakupwa, twendeni botini.

Njia nzima alinishukuru. Tuliposhuka hapa Utende nikashindwa kuvumilia.

"Mama, nisamehe. Ile habari ya binti wa mfalme niliitunga. Hatujui ni mtoto wa nani."

"Lakini ni mtoto?" akauliza.

"Ni mtoto, mama."

"Basi bangili ibaki. Mtoto wa mtu asiyejulikana naye ana mama yake."

Nikanyoosha mkono kumuaga. Hakuupokea. Aliingia garini, akafunga mlango taratibu, na wenzake wakanipungia kwa furaha, wakisema nimewaeleza vizuri sana.