Perege Tuliyemwita Mlafi

Mjukuu wangu Kulwa,

Najua utacheka, maana nimemaliza kidato cha nne juzi tu. Lakini mama yako ananiita mama mdogo, basi mimi ni bibi yako. Huku Igalula hatujambo, ila mahindi yamenyauka.

Umeuliza kama ukija likizo tutakula perege wa bwawani. Hawapo tena.

Nilipokuwa kidato cha pili nilimshonea baba vyandarua viwili vikawa kimoja, akakifanya wavu. Siku moja tulikuwa tukipara samaki, vitoto vikamwagika kutoka mdomoni mwa perege mkubwa.

“Mlafi huyu, anakula wanawe!” baba akasema.

“Leo kakomeshwa!” majirani wakacheka.

Darasani nilikuwa nimefundishwa kwamba perege huwaficha watoto wake mdomoni wakiwa hatarini. Niliona haya kumsahihisha baba mbele ya watu, nikaendelea kupara. Akaendelea kuvua hivyo, mama na vitoto pamoja.

Jana alirudi mikono mitupu kwa siku ya sita. Akaniuliza, “Wewe msomi, hawakukufundisha samaki huenda wapi?”

Nilimjibu sijui. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa nililofundishwa.

Bibi yako,
Yustina