Mlima wa Kutoka Mtoni

Shangazi Dorika, shikamoo.

Hili sijamwambia mtu: baiskeli ya baba naiendesha. Akinituma Iguguno kukamua alizeti, anajua naikokota tu na gunia, maana kwetu msichana hapandi. Naikokota mpaka niipite nyumba ya mwisho, kisha napanda.

Mama anakusalimu. Alizeti imekubali mwaka huu.

Juzi, kwenye mlima wa kutoka mtoni, niliwapita vijana wanaojiandaa na mashindano ya baiskeli ya mkoa, mimi nikiwa na sketi ya shule na dumu la mafuta nyuma. Wakanipigia kelele, "Dada, umesukumwa na upepo!" Unanijua, darasani hata Kiingereza najibu kwa kunong'ona. Niliteremka hadi darajani, nikapanda tena, nikawapita tena. Kocha wao akaniandikisha palepale.

Leo baba kaambiwa sokoni. Kamwambia mama ataiuza baiskeli kabla ya Jumamosi, siku ya mashindano.

Nasikia hatua zake zinakuja mlangoni. Barua hii nilikuwa naifunika kwa daftari. Nimelitoa. Aingie, asome. Jumamosi nitashindana, hata kwa baiskeli ya kuazima.

Mtoto wa kaka yako,
Severina