Kocha Kafukuzwa, Sasa Wanamtaka Ng'ombe Wangu

Mpendwa Shangazi Dorka, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana hapa Kewanja sina tena mtu wa kumweleza, kila ninayemwambia anacheka au anauliza nyama itagawiwa saa ngapi.

Mimi ni kijana wa Kikurya, nachimba dhahabu kwenye duara, yaani shimo, la mtu mmoja anaitwa Heche, na huyo Heche, tangu rashi ya dhahabu ianze na watu kumiminika huku na makoleo yao, ndiye anayeilisha timu yetu ya Mwamba FC, jezi zake, mipira yake, kocha wake. Nina dume mmoja mweusi mwenye doa jeupe usoni, nilimnunua kwa jasho langu la shimoni, na ndiye anayetangulia kwenye mahari ya mchumba wangu Mokami, binti wa Mzee Wangwe wa Nyamwaga, wazee walishakuja wakampapasa mgongo wakamkubali. Sasa alipokuja kocha Odoyo kutoka Isebania, ng'ambo ya mpaka, na timu ikaanza kushinda kila Jumapili, mimi kwa furaha nikampa dume wangu jina la Odoyo, kama tunavyofanya huku, ng'ombe mzuri unampa jina la mtu unayemkubali, na kocha mwenyewe alikuja kumwona akacheka sana akasema, "Heshima kama hii hata kwetu sijawahi pewa."

Shangazi, ungeona! Tulipowafunga Sirari mashabiki walikuja kumchukua, wakamvika skafu ya timu, wakamzungusha uwanja mzima, akina mama wakamletea majani ya migomba, Heche akamnunulia kengele ya shingoni, na gazeti lenu hili hili likatoa picha yake na kuandika kwamba Mwamba ina akina Odoyo wawili na wote hawafungiki. Wakati huo kocha alikuwa ndugu yetu, watu wakawa wanasema mpaka ule walichora wazungu, sisi ni wamoja.

Halafu tukaanza kufungwa. Tukafungwa ugenini, tukafungwa nyumbani, tukafungwa na timu ya wauza mitumba ambayo golikipa wake alikuwa anaongea na simu, na watu wakakumbuka ghafla kwamba kumbe kocha ni Mkenya. Jumatatu Heche akapanda juu ya gari lake na kipaza sauti, akasema Odoyo afungashe. Watu walishangilia kuliko siku tuliyochukua kombe, mwingine alilia kabisa kwa furaha, na jioni hiyo hiyo wakaja kwangu.

Walikuwa umati, mbele yao Simioni, katibu wa mashabiki, yule yule aliyemvika skafu. Akaniambia, "Mura, kijana wetu, hatuwezi kumpokea kocha mpya huku wa zamani anakula majani hapa."

Nikamwambia, "Simioni, huyu ni ng'ombe, hapangi kikosi."

"Jina ni jina. Mkosi wetu uko kwenye boma lako. Jumamosi tunamkaribisha kocha mpya, mchinje tule, yaishe." Wakaanza wote kuimba Odoyo aondoke, Odoyo aondoke, na ng'ombe wangu kusikia jina lake akaja mwenyewe mpaka getini, alidhani anaitwa kulamba chumvi.

Shangazi, mimi nilikuwa peke yangu na wao walikuwa wengi, kwa hiyo na mimi nikaimba kidogo. Nikamvua kengele nikampa Simioni, nikamchapa fimbo kadhaa ili waone niko upande wa timu, nikamfunga nje kando ya barabara, mvua ikanyesha akalowa mwili mzima. Asubuhi Mokami akapita na wifi yake wakienda mnadani, akamwona, hakunisalimia hata, akamfungua kamba akampeleka kwenye majani, akaondoka. Tangu siku ile hapokei simu. Nadhani ameogopa mkosi. Baba yake naye ametuma ujumbe kwamba kwake haingii ng'ombe aliyefukuzwa kazi, nitafute mwingine, na nasikia Nikolaus, kijana aliyepata mawe mazuri ya dhahabu juzi akanunua gari kabla hajajua kuendesha, ameanza kupitapita Nyamwaga.

Nampenda Mokami, Shangazi, hapa sitanii, nikimkosa huyu sijui nitakuwa nashuka shimoni kwa ajili ya nani. Huyu dume nimchinje? Nimbadilishe jina nimpe la kocha mpya? Au nikamuuze Sirari?

Ryoba, Kewanja

Shangazi Dorka anajibu:

Ryoba mwanangu, pole. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka mpaka wenzangu wakanigeukia. Mara ya pili sikucheka.

Niruhusu nianze na gazeti letu, maana na sisi tumo. Nimemfuata Jairo wa ukurasa wa michezo, ambaye meza yake na yangu zimegusana. Juzi tu alimwita Odoyo profesa wa soka. Wiki hii amemwita mzigo. Nikamuuliza, huyu profesa alisahau mpira kati ya Jumapili ipi na Jumapili ipi? Akanijibu bila aibu, "Shangazi, nikimtetea, gazeti atanunua nani?" Sasa wewe ulitaka ukurasa wa Jairo ukufundishe nani wa kumpa ng'ombe wako jina! Na huyo Heche anayefukuza watu kwa kipaza sauti, wachezaji wake si ndio hao hao anaowashusha shimoni mpaka Jumamosi jioni, halafu Jumapili anashangaa hawakimbii? Unachimba kwake, hilo unalijua kuliko mimi, na sijaona mahali umeandika kwamba ulilisema. Mkosi gani tena mnautafuta kwenye boma? Huyo dume hajawahi kukosa penalti.

Sasa tuje kwako, na ukae vizuri.

Umeandika kwamba uliimba kidogo. Kidogo ndio nini, Ryoba? Mnyama alikuja getini kwa sababu jina ulilompa analijua, ukamchapa ili Simioni afurahi. Halafu unaniambia Mokami ameogopa mkosi. Mtu anayeogopa mkosi hamshiki kamba ng'ombe mwenye mkosi akampeleka malishoni kwa mkono wake. Mokami hakumwogopa ng'ombe. Alimwona yule uliyekuwa unamsifia kwa kila mtu amefungwa kwenye mvua kwa sababu watu wamepiga kelele, na akajiuliza swali ambalo hata mimi ningejiuliza: siku mawifi na majirani wakianza kuniimba mimi, kwamba nimechelewa kuzaa, kwamba nimepika ugali mbichi, huyu mwanaume atasimama upande gani, au na yeye ataimba kidogo? Ndiyo maana simu haipokelewi. Nikolaus na gari lake hawamo kabisa kwenye habari hii, kwa hiyo acha kumfuatilia.

Hutamchinja. Hutambadilisha jina pia, kwa sababu kocha mpya naye watamfukuza, na kwa mwendo huo utaishiwa majina kabla msimu haujaisha. Na Sirari usimpeleke, unataka tu mtu mwingine akufichie aibu yako.

Kesho mchana nenda kwa Simioni ukaidai kengele, mbele ya wenzake, si kwa kumwita pembeni. Mwambie ilinunuliwa kwa ajili ya ng'ombe na ng'ombe bado yupo. Watakucheka, tena sana. Vumilia, hakuna aliyekufa kwa kuchekwa. Ukitoka hapo, kama kocha Odoyo hajavuka mpaka na mabegi yake, mpitie umuage, maana naweka dau kwamba katika wale wote waliomshangilia hakuna aliyefika mlangoni kwake.

Ijumaa mvalishe dume kengele yake umpeleke Nyamwaga kwa miguu, kwa barabara kubwa, ile inayopita mbele ya baa wanapokaa Simioni na wanakamati wenzake wa mashabiki. Ukifika, mpe Mzee Wangwe shikamoo yake na umwache aongee habari za mkosi mpaka achoke, ni mshabiki wa Mwamba na yuko msibani. Kisha mwombe wifi akuitie Mokami. Mwambie uliogopa na ulifanya vibaya. Usimtaje Simioni, usiutaje umati, usije ukasema na mvua ilinyesha bahati mbaya. Yeye akikubali, utashangaa mkosi wa baba yake utakavyopona haraka. Akikataa, kamba unayo mkononi, rudi na ng'ombe wako nyumbani, na fimbo usiishike.

Jambo la mwisho. Pale karibu na boma lao dume anaweza kusita, na watu watakuwa wamejaa barabarani wanataka kuona utafanya nini. Usimswage kwa miluzi kana kwamba huna jina la kumwita. Mwite Odoyo, kwa sauti ile ile uliyokuwa ukiitumia mlipokuwa mnashinda. Mokami atakuwa ndani, anasikiliza.